Gunia Lililokataa Kila Safu

Mwaka wenyewe ni ule yalipoletwa mahindi ya manjano, mbuzi wakayanusa wakaenda zao, na sisi tukayala. Asubuhi tuliyachemsha, mchana tukayachemsha tena kwa sababu ya asubuhi hayakuiva, na jioni tukanywa maji yake tukayaita supu. Chai ilikuwa rangi. Maziwa ya ngamia yalibaki kwenye mazungumzo ya wazee. Watu wa ofisi wanasema ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi nausema mwaka kwa tumbo, na kila mtu wa Garissa mwenye tumbo la umri wangu ameshaujua.

Nimestaafu juzi. Wenzangu wadogo wa ghala la chakula cha msaada wameniomba niandike nilivyofanya kazi, na herufi nimejifunzia ukubwani kwenye darasa la gumbaru, kwa hiyo mkiona neno limechuchumaa vibaya, lipeni heshima ya uzee. Wajukuu wangu tisa wanaandika vizuri kuliko mimi, lakini hawajawahi kubeba kitu. Mshahara sitautaja, wenyewe haukupenda kutajwa. Nilivyopandishwa cheo pia sitasema, maana nilipandishwa mara moja tu, juu ya rundo, kuondoa paka.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Eddo Dahira. Eddo kwetu ni shangazi, na huyu alikuwa shangazi wa ghala zima. Alinitazama mabega, akanitazama miguu, akasema, "Uso hatuna kazi nao." Kisha akaniweka gunia la kilo tisini mgongoni na kuniuliza habari za mama yangu. Nilijibu hatua tatu, nikalala chini ya gunia.

"Umebeba kwa hasira," alisema, amekaa palepale bila kunisaidia. "Gunia halikukukosea. Libebe kwa kiuno."

Eddo ndiye aliyenifundisha vyote. Gunia halishikwi kwa ndoano, ndoano hutoboa na panya husoma tundu kabla ya karani. Safu ya chini hulazwa juu ya mbao, mdomo wa gunia ukitazama ndani, ili likipasuka lipasukie wenzake. Shazia, ile sindano yetu ya kushonea magunia, huwekwa kwenye shashi, kitambaa chetu cha kichwani, si mdomoni. Mwenzetu mmoja aliiweka mdomoni akapiga chafya, na sitaendelea. Na kopo la mawe. Kopo hilo lilikuwa la maziwa ya unga, na ndani yake mawe ya mtoni, meupe. Kila ukiita mia, jiwe moja hutoka humo likaingia kopo la pili.

Kazi yangu baadaye ikawa kuita hesabu, na hapa nisikilizeni vizuri. Sisi hatuhesabu kama watu wa bara. Baba yangu kule Hulugho alikuwa na ngamia, na mpaka anaingia kaburini hakuna aliyemsikia akisema ni wangapi. Aliwajua kwa sura. Anayetaja idadi ya mifugo yake anamwalika fisi. Kwa hiyo hata magunia, ambayo si mali yetu na hayana miguu, tuliyaita kwa adabu. Gunia la kwanza la shehena haliitwi moja. Moja ni Mungu. Gunia la kwanza unaliwekea kiganja unasema "Baraka," halafu linalofuata ni mbili, tatu, nne, mpaka mia, jiwe linahama. Mia zinazofuata unaanza moja kama watu wote, kwa sababu Baraka ameshaingia na mlango umefunguliwa. Nilifanya hivyo miaka yote, na makarani wote walinizoea. Mmoja tu alikuwa hajanizoea, maana alikuwa na siku mbili kazini.

Karani huyo alitoka upande wa Kakamega. Alikuwa mpole, mrefu, na shati jeupe alilolifua kila siku katika mji wa vumbi, na hilo peke yake lilinionyesha kuwa hajui kukata tamaa. Alitaka awe mwalimu wa hesabu, mambo yakakataa, akaletwa kwetu. Alikaa mlangoni na ubao wa karatasi, na kila nilipoita gunia alipiga mstari mmoja kwa penseli. Malori yalikuja siku tatu mfululizo. Alhamisi alasiri gunia la mwisho liliingia, nikamwaga mawe yangu chini. Mawe ishirini na tano, na juu yake magunia ishirini na moja niliyoyaita bila kufikia jiwe.

Karani alijumlisha mistari yake. "Elfu mbili mia tano ishirini."

"Na moja," nikasema.

"Na moja ipi?"

"Iliyonifuata hapa mgongoni. Na moja."

"Mama Fatuma, kila gunia ulilolihesabu nimelipigia mstari."

"Basi penseli ilisinzia mahali."

"Ilisinzia hiyo," akasema Hawa. "Mimi niliona." Hawa alikuwa mbebaji mwenzangu, Mborana wa Buna, mwenye sauti ya kuita ngamia walioko kisima kingine. Hakuwa ameona kitu. Alikuwa upande wangu tu, na huo ndio ushahidi wake siku zote.

Karani alishapiga redio kabla hatujamaliza kubishana. Alikuwa amemwambia Mkubwa wa kule Nairobi: elfu mbili mia tano ishirini, imeandikwa. Karatasi za wapakiaji zilikuwa zimerudi Mombasa na kiongozi wa malori, na nakala ingefika baadaye kwa njia yake. Mkubwa mwenyewe angekuja Alhamisi inayofuata, atie sahihi, na mimi nitie dole gumba, kama kawaida.

Sasa elewa shida yangu. Kabla yangu kulikuwa na mwanamke aliyetia dole kwenye karatasi ya karani bila kuuliza. Nakala ilipokuja ikawa na gunia moja zaidi. Karani wa wakati ule alisema, "Mwitaji ni yeye." Dole lilikuwa pale, jeusi, halina mdomo wa kujitetea. Aliondoka ghalani siku hiyohiyo, na mpaka leo watu wa Galbet, mtaa wetu, wakimtaja hutaja na gunia. Mimi nilikuwa na watoto sita, mjukuu wa kwanza njiani, na hayo mahindi ya manjano. Sikuwa na nafasi ya kuitwa mwizi.

"Tuhesabu upya," nikasema.

"Hakuna haja," akasema Karani, na macho yake yakawaka kama ya mtu aliyeletewa nyama. "Elfu mbili mia tano ishirini si nambari ya kawaida, mama. Inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa tano, mpaka kumi, na haibaki hata punje. Hakuna nambari ndogo kuliko hiyo inayoweza. Yapange safu za kumi kumi. Likibaki gunia, umeshinda."

"Na nikishinda utabadilisha karatasi?"

"Halitabaki," akasema. Hilo si jibu, nikalichukua hivyohivyo.

Ijumaa tulisali. Jumamosi tukapanga kumi kumi, kumi kwenda juu. Safu mia mbili hamsini na mbili zikajaa, na mlangoni likabaki gunia moja, lina kiraka cha buluu, limekaa.

Karani alizunguka ghala akihesabu safu. Akarudi. "Kuna safu mmeweka tisa."

"Kuna," akasema Hawa. "Iko ndani ya kichwa yako."

Tukazitazama zote kwa fimbo. Kila moja kumi.

Akaenda akaandika kwenye kipande cha boksi, akakigongelea mlangoni: kumi, tisa, nane, saba, sita, tano, nne, tatu, mbili. Kila siku nambari moja, mpaka gunia lile lipate kwao. Alikuwa na hakika kwamba tunakosea kubeba. Nilikitazama kile kipande. Kusoma nilikuwa sijui, lakini tarakimu nilizijua, na mgongo wangu ulizijua zaidi.

Jumapili tisa tisa. Safu mia mbili themanini, na kiraka cha buluu mlangoni. Hawa akalipa jina: Shemeji. "Kila nyumba anaingia, hakuna anayemwalika, na haondoki." Jumatatu nane nane, safu mia tatu kumi na tano. Shemeji mlangoni. Kufikia hapo safu zilikuwa zimepungua urefu zikaongezeka idadi, ghala likatujaa, tukaanza kutandaza turubai nje. Jumanne saba saba, safu mia tatu sitini, na ya mwisho ilifika kwenye jiko la mlinzi, naye akahamisha birika akitulaani kwa heshima. Shemeji alikuwa mlangoni, miguu kaikunja.

Jioni ile Karani akasema, "Kesho sita."

"Sita siibebi," nikasema.

"Ni lazima tujue."

"Tunajua. Keti." Alikuwa mtu wa adabu, akaketi juu ya Shemeji. "Tano pia siibebi. Kumi ni tano mbili zimelaliana. Safu ya kumi ukiikata kiunoni ni tano na tano, na Shemeji yuko palepale. Nne ni nusu ya nane, mbili ni robo yake. Tatu imo ndani ya tisa. Nimeshazibeba zote bila wewe kuniambia."

Akafumba macho, akafumbua. "Na sita?"

"Mtoe Shemeji. Waliobaki wanakubali mbili mbili. Wanakubali tatu tatu. Watakataaje sita?"

"Sheria hiyo haifanyi kazi kila mahali," akasema polepole. "Kumi na mbili inakubali nne, inakubali sita, lakini haikubali ishirini na nne."

Nikachukua mawe kumi na mbili kwenye kopo, nikayapanga. Nne, sawa. Sita, sawa. Ishirini na nne hata mawe hayakufika. Nikayarudisha kwenye kopo.

"Lakini kwa mbili na tatu inafanya kazi," akasema, na sasa alikuwa ameona aibu, si yangu, yake. "Mama Fatuma, aliyekufundisha ni nani?"

"Mgongo."

Mnadhani hapo angebadilisha karatasi. Mtu anayejua hesabu hakubali haraka hivyo kwamba amekosea kuhesabu. Aliniambia kwamba kama ni kweli ishirini na moja, basi hiyo ni nambari ya ajabu, na lazima ajue kama kuna safu yoyote duniani inayoweza kumpokea Shemeji. Kumi na moja je? Kumi na tatu je? Mimi nilimwambia magunia hayanyanyuki tena. Wanawake wangu walikuwa wamelala kama nguo zilizoanikwa.

Hawa ndiye aliyeleta dawa. Jumatano asubuhi alifika na debe la kinyesi cha mbuzi, kikavu, vile vidonge vizuri vya duara, vyote saizi moja. "Hii haina kilo," akasema. Tukahesabu vidonge elfu mbili mia tano ishirini na moja, tukatandika turubai kivulini, na Karani wa shati jeupe akapiga magoti kwenye mavi ya mbuzi akiwa na furaha ambayo sijamwona nayo tena.

Tulipanga mistari ya kumi na moja: vikabaki viwili. Kumi na mbili tuliiruka, na kila nambari yenye mbili, tatu, tano au saba ndani yake, maana hizo mgongo ulishazibeba. Ya kumi na tatu tulishangilia mapema, mstari wa mwisho ulikosa kidonge kimoja tu, kama mtu aliyefika harusini sahani ya mwisho imeondoka. Kumi na saba, vitano. Kumi na tisa, kumi na vitatu. Ishirini na tatu, kumi na vinne. Tulipokuwa kwenye ishirini na tisa, mbuzi wa mlinzi alipita juu ya turubai, akasimama katikati ya hesabu, akafikiri, na akaongeza vya kwake.

Sote tuliinama juu ya turubai.

"Vingapi?" Karani akauliza.

"Vyake ni moto," akasema Hawa. "Gusa."

Na Karani, mtu aliyesoma mpaka akabaki na kidato kimoja tu cha kumalizia ndoto yake, aligusa kimoja kimoja akitenga moto na baridi. Nimefanya kazi na wakubwa wengi. Huyo ndiye karani wa kwanza niliyemheshimu.

Tulipita thelathini na moja, thelathini na saba, arobaini na moja, arobaini na tatu, arobaini na saba. Hakuna uliokubali. Nikamwuliza tutafika wapi, maana vidonge elfu mbili na kitu vina mistari mingi na Mkubwa anakuja kesho.

"Hamsini," akasema. "Hamsini mara hamsini ni elfu mbili na mia tano. Tumefika karibu kabisa."

"Kwa nini tusiende mia?"

Akaanza kuandika kwenye karatasi, nami nikaliona jibu mwenyewe kwenye turubai. Ukigeuza mkeka, mistari inakuwa safu na safu inakuwa mistari. Mistari ikiwa mirefu kupita hamsini, lazima iwe michache chini ya hamsini na moja, na hiyo michache tumeshaijaribu upande wa pili. Nilimwambia hivyo huku nikizunguka turubai kutoka kichwani kwenda ubavuni. Karani akakaa chini kabisa, na shati likaisha siku hiyo.

"Basi haigawanyiki kwa kitu," akasema. "Isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe. Nambari kama hii inaitwa tasa."

"Hilo ni tusi," nikasema. "Kwetu neno hilo halisemwi mbele za watu."

"Ni jina la hesabu, mama."

"Hesabu haina mama? Haikufunzwa?"

Hawa, ambaye aliolewa miaka minane kabla ya kupata mtoto, alimtazama Karani. Kisha akasema, "Iite inayojitosheleza." Karani akaandika hivyo, nilimwona.

Lakini niliona ajabu yake. Elfu mbili mia tano ishirini ni kama ukoo mkubwa, kila unapogeuka kuna binamu. Karani alisema inagawanyika kwa nambari arobaini na nane, akihesabu na yenyewe. Unaongeza gunia moja, lenye kiraka, na ukoo wote unakwisha, anabaki mtu mmoja amekaa mlangoni. Niliwaza hilo nikitembea kwenda nyumbani kula mahindi yaleyale.

Alhamisi saa nne Mkubwa akafika. Alikuwa mnene kwa mwaka ule, jambo lililowafanya watoto wamfuate kumtazama. Akakuta magunia mpaka jikoni kwa mlinzi, turubai la mavi ya mbuzi limepangwa kama gwaride, na gunia moja mlangoni. Hakuuliza. Watu wakubwa wakiona wasichokielewa huomba karatasi.

Karatasi ilikuwa mezani, elfu mbili mia tano ishirini, na sahani ya wino kando. Karani alisimama nyuma ya Mkubwa, kijivu usoni. Nilijua anachokiwaza. Akisema amekosea, atarudi Kakamega. Nisiposema mimi, nitarudi Galbet nikitajwa na gunia.

"Mama, dole," akasema Mkubwa.

Nilikunja dole ndani ya ngumi. "Ni magunia elfu mbili mia tano ishirini na moja, na mimi sipunguzi hata moja."

"Karani ameandika ishirini."

"Nimesikia."

"Wewe unajua kusoma?"

"Sijui. Ndiyo maana nilihesabu."

Mkubwa akamgeukia Karani. Karani alitazama turubai. Angeweza kunyamaza, na angeniua kwa kunyamaza. Akasema, "Bwana, mimi sijui nilikosea wapi. Lakini ukigawa kwa mbili linabaki moja. Kwa tatu moja. Kwa nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi, moja. Nambari yangu haibakizi kitu. Yake inabakiza moja kila mahali. Na ghala linabakiza moja kila mahali."

"Ulikosea wapi?"

"Sijui, bwana."

"Basi nionyesheni mlivyohesabu," akasema Mkubwa, akavuta kiti. "Mama ita. Wewe piga mistari."

Nikaenda kwenye safu ya kwanza, nikaweka kiganja. "Baraka."

Penseli ya Karani haikusogea.

"Mbili," nikaita. Akapiga mstari.

"Tatu." Akapiga.

"Simameni," akasema Mkubwa. Akaangalia karatasi ya Karani, mistari miwili, akaangalia magunia, matatu. "Hilo la kwanza umelipeleka wapi?"

"Nilidhani alikuwa akiomba dua," akasema Karani.

"Nilikuwa nikiomba," nikasema. "Nilikuwa nikihesabu pia. Huwezi kufanya viwili?"

Mkubwa alicheka mpaka kiti kikalalamika. Hawa akacheka na ngamia wa kisima kingine wakasikia. Karani hakufukuzwa, alifuta sifuri kwa mkono wake mwenyewe, akaandika moja, taratibu, kama mtu anayeshona. Nikatia dole. Dole langu lilikaa kando ya ile moja, jeusi, zuri, na sikuogopa nakala wala mtu.

Na hapo Mkubwa, kwa roho nzuri ya mtu aliyeshiba, akampiga kofi Shemeji begani. Alikuwa ameniona kifundo cha mkono, kimebaki mfupa, na mwaka ule vifundo vilisema yote.

"Gunia hili limewatesa wiki nzima," akasema. "Mama, lichukue uende nalo. Watoto wapate. Ghala litapangika vizuri, na mimi sijaona kitu."

Nililitazama. Kilo tisini. Nilijua uzito wake kuliko nilivyojua uzito wa mtoto wangu yeyote, na nilijua ni siku ngapi lingekaa nyumbani kwangu. Wanawake wote waliacha kufagia.

"Ni magunia elfu mbili mia tano ishirini na moja, na mimi sipunguzi hata moja."